Nani Anayeimba? Uzoefu Wangu na Albamu ya Berlin ya Lou Reed

Niliinunua Berlin, albamu ya mwaka 1973 ya mwanamuziki wa roki wa Marekani Lou Reed, kwa shilingi 2,800 katika kibanda kimoja cha santuri za mtumba jijini Nairobi, nikiwa na haraka ya kuwahi matatu na bila kuikagua ipasavyo. Santuri yenyewe ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia na jalada lilikuwa limechanika ukingoni tu, lakini kijitabu cha picha na maneno ya nyimbo kilichoambatana na toleo la awali hakikuwemo. Muuzaji hakulitaja jambo hilo, nami sikuuliza. Nalieleza mapema kwa sababu kukosa kijitabu hicho kuliathiri namna nilivyoielewa albamu nzima. Kwa wiki tatu hivi niliisikiliza kwa masikio matupu, nikidhani kwamba mtu anayejiita "mimi" katika nyimbo zile ni Lou Reed mwenyewe, na kwa wiki hizo zote niliichukia.

Nilichokuwa nikikitafuta ni kitu kinachofanana na Transformer, albamu yake ya mwaka 1972 iliyotayarishwa na David Bowie pamoja na Mick Ronson, yenye wimbo ule wa besi inayoteleza, Walk on the Wild Side, ambao hata wasiosikiliza roki wamewahi kuusikia redioni. Kosa langu, kwa hiyo, lilikuwa lile lile la wanunuzi wa mwaka 1973. Mtunzi aliyekuwa ameiacha bendi ya Velvet Underground mwaka 1970, na ambaye hatimaye alikuwa amepata wimbo unaopendwa na watu wengi, angetarajiwa kutoa albamu nyingine ya aina hiyo hiyo. Badala yake alitoa takriban dakika 49 za kisa cha mwanamume na mwanamke wanaoangamizana, kisa chenye dawa za kulevya, kipigo, watoto kunyang'anywa mama yao na, mwishoni, mama huyo kujiua. Mhakiki wa jarida la Rolling Stone aliiita janga. Nchini Marekani haikuvuka nafasi ya 98 katika chati, ilhali Uingereza ilipanda hadi nafasi ya 7, na ilipofika mwaka 2003 jarida lile lile liliipa nafasi ya 344 katika orodha yake ya albamu bora 500 za nyakati zote.

Mgawanyiko huo nimeushuhudia kwa udogo wake sebuleni kwangu. Sisi ni watu wanne tunaokutana Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, kila mmoja akija na santuri moja chini ya kwapa. Yupo mzee mmoja mstaafu wa posta, ambaye sote tunamwita Mzee na ambaye anaihesabu Berlin kuwa kazi kubwa kuliko zote za Lou Reed. Yupo mwalimu mwenzangu wa muziki, anayeiona kuwa nyimbo nzuri zilizozikwa chini ya mapambo. Yupo pia dada mmoja mwanasheria, ambaye siku ya kwanza alisimama katikati ya upande wa pili, akaenda jikoni kuchemsha chai na hakurudi hadi sindano ilipoinuka. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na ninakiri kwamba kazi hiyo ndiyo iliyonifungua masikio baadaye.

Upande wa kwanza sitakaa nao sana. Unaanza na kelele za sherehe ya kuzaliwa, watu wakiimba na kucheka, kisha kelele zinafifia na kubaki piano peke yake, na sauti ya mwanamume anayekumbuka mapenzi katika mji wenye ukuta. Katika nyimbo sita za upande huo tunamjua Caroline, anayeimba baani, na tunamjua Jim, anayempenda kwa namna ya mtu anayehesabu madeni. Men of Good Fortune, unaozungumzia wana wa matajiri na wana wa maskini, ndio wimbo pekee ninaoweza kumpigia mgeni bila maelezo, na besi ya Jack Bruce ndani yake inazungumza kuliko mwimbaji. Oh Jim unaishia kwa gitaa kavu baada ya ghasia ya tarumbeta na saksafoni, na hapo ndipo mtu anapogundua kwamba sherehe ya mwanzoni ilikuwa imekwisha zamani.

Mtayarishaji alikuwa Bob Ezrin, kijana wa Toronto aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, na ambaye alikuwa amejijengea jina kwa kazi zake na bendi ya roki ya Alice Cooper. Alikusanya wapigaji ambao kila mmoja angeweza kuongoza bendi yake mwenyewe: Jack Bruce aliyetoka bendi ya Cream, Steve Winwood kwenye ogani, Aynsley Dunbar kwenye ngoma, Dick Wagner na Steve Hunter kwenye magitaa, na ndugu wawili wa Brecker kwenye tarumbeta na saksafoni. Juu ya hao akaongeza fidla, filimbi na kwaya. Mwalimu wa muziki anadai kwamba huo ni mzigo wa tembo juu ya mgongo wa punda, na kwamba nyimbo hizi zingetosha kwa gitaa moja na kiti. Ninaielewa hoja yake, na kwa upande wa kwanza karibu nikubaliane naye. Hata hivyo anaisahau sauti ya Lou Reed. Yeye haimbi sana. Anasema maneno kwa sauti nyoofu, bila kuyapandisha wala kuyatetemesha, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya chifu huku ameangalia chini. Muziki mkubwa unapojengwa kuizunguka sauti ya namna hiyo, ukubwa wake haumtukuzi msemaji bali unamfichua, kwa maana tunasikia huzuni yote ambayo yeye mwenyewe anakataa kuionyesha.

Sasa nije upande wa pili, ambao ndio albamu yenyewe.

Una nyimbo nne tu. Wa kwanza ni Caroline Says II, ambamo Caroline anainuka kutoka sakafuni baada ya kupigwa na kumwambia Jim kwamba anaweza kumpiga atakavyo, lakini mapenzi yamekwisha. Gitaa ni laini, na ukiusikia kwa mbali utadhani ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Niliupiga mara nyingi kabla ya kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo: kichwa cha wimbo kinatangaza kwamba Caroline anasema, ilhali kinywa ni cha Jim. Kila mwaka ninawafundisha wanafunzi kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, nikiwakumbusha kwamba anayeripoti ndiye mwenye mamlaka juu ya maneno ya anayeripotiwa; anaweza kuyapunguza, kuyapoza, hata kuyapamba. Caroline haimbi neno hata moja kwa kinywa chake mwenyewe katika albamu nzima. Kila tunachokijua juu yake kimepitia kwa mtu aliyempiga.

Wimbo unaofuata, The Kids, una urefu wa karibu dakika nane. Watoto wa Caroline wanachukuliwa kwa madai kwamba yeye si mama mwema, na Jim anazisoma tuhuma moja baada ya nyingine kama karani wa mahakama asomavyo hati ya mashtaka. Mwishoni muziki unapungua na tunasikia watoto wakilia na kumwita mama yao. Kilio hicho kimezaa uvumi wa miaka mingi kwamba Ezrin aliwadanganya wanawe mwenyewe kuwa mama yao amekufa, kisha akawarekodi. Ezrin ameukanusha uvumi huo. Watoto walikuwa wake kweli, na nadhani uvumi unaendelea kwa sababu wasikilizaji wangependa kuwe na mkosaji halisi wa kulaumiwa kwa jinsi wanavyojisikia. Binafsi siwezi kuusikiliza mwisho huo mtoto wangu akiwa chumba cha pili. Si kasoro ya utayarishaji, lakini anayetaka kununua albamu hii anastahili kujua.

The Bed ndio wimbo mtulivu kuliko yote na, kwangu mimi, bora kuliko yote. Jim yuko katika chumba ambamo Caroline alijitoa uhai. Anaonyesha kitanda, anaonyesha mahali mishumaa ilipowekwa, kama dalali anayemtembeza mpangaji, na kisha anashangaa kwamba hahuzuniki. Kwaya inayoingia mwishoni haina maneno. Ni kana kwamba nyumba yenyewe imeanza kulia kwa niaba yake.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno ambalo kila mtahiniwa wa Kiswahili nchini Kenya analijua, yaani nafsineni. Tunawaambia wanafunzi kila siku kwamba nafsi inayosema katika shairi si lazima iwe mshairi, na tunawanyima alama wakiandika "mshairi anasema alimpiga mkewe". Nilikuwa nimetenda kosa lile lile ninalowasahihishia wengine. Nilipoanza kusikiliza nikijua kwamba anayesema ni Jim, na kwamba nyuma ya Jim amesimama mtunzi anayetaka tumwone Jim jinsi alivyo, ubaridi ulioniudhi ukageuka kuwa ndio habari yenyewe. Lou Reed hakuwa mgeni wa mbinu hiyo, kwani alisoma katika Chuo Kikuu cha Syracuse chini ya mshairi Delmore Schwartz, na alizoea kuandika nyimbo zenye wahusika.

Nimekulia Mombasa, ambako wimbo wa taarab ukipigwa harusini, kila meza ina yakini kwamba aliyepigwa kijembe ni mtu wa meza ya pili. Mwimbaji anaweza kuwa mwanamke anayeimba maneno yaliyotungwa na mwanamume, na hakuna anayesimama kumwuliza kama yaliyomo yalimtokea yeye. Kwa hiyo sisi tuna mazoea ya kusikiliza namna hii. Shabiki wa roki wa miaka ile alizoea kuamini kwamba mwimbaji anamfungulia moyo wake, na mtu mwenye imani hiyo akiisikiliza Berlin atasikia ungamo la mwanamume asiyejuta.

Niliyaeleza haya yote kwa fahari kidogo Jumapili iliyofuata. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Dada mwanasheria aliniacha nimalize, kisha akasema: "Mwalimu, hiyo nafsineni yako ni wakili mzuri sana. Lakini mimi nimewasikiliza akina Jim wengi kizimbani, na wote huzungumza hivi hivi. Kwa nini nilipe fedha nimsikilize mmoja zaidi, akipigiwa fidla?" Aliongeza kwamba ndoa ya kwanza ya Lou Reed ilivunjika mwaka ule ule wa 1973, na kwamba si haki kumtenga mtunzi na mhusika kila inapotufaa, huku tukiwaunganisha pale tunapotaka kuusifu ukweli wa wimbo. Sikuwa na jibu la hoja hiyo ya pili, na sijalipata hadi sasa.

Ubishi wetu mkali zaidi unauhusu wimbo wa mwisho, Sad Song. Baada ya kaburi la The Bed, fidla na filimbi zinainuka kama alfajiri, kwaya inarudia maneno ya kichwa cha wimbo, na Jim, akitazama picha za zamani, anaamua kuacha kupoteza wakati wake. Anasema hata kwamba mwanamume mwingine angemvunja Caroline mikono yote miwili. Maneno hayo yanaimbwa juu ya muziki mzuri kuliko wowote ulio katika albamu hii. Mwalimu wa muziki anasema hapo Ezrin alipoteza mwelekeo, akaandikia tamko la kikatili muziki wa ushindi. Mimi nadhani uzuri ule ni wa makusudi, kwamba tunasikia jinsi Jim anavyojisikia anapojisamehe, naye anajisamehe kwa kishindo. Lakini ninakubali kwamba msikilizaji anaweza kubebwa na fidla asitambue amebebwa kwenda wapi, na kwamba mtunzi hakuacha alama yoyote njiani ya kumzuia.

Kuna lawama ndogo pia ambayo wapenzi wa Velvet Underground huitoa, kwamba baadhi ya nyimbo hizi ni nguo kuukuu zilizogeuzwa upande. Ni kweli kwamba Caroline Says II ulitokana na wimbo wa siku za bendi hiyo uliomtaja mwanamke mwingine, na kwamba wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa umekwisha kutoka mwaka 1972. Lawama hiyo hainisumbui. Mzee huijibu kwa kutaja Desemba 2006, wakati Lou Reed alipoiimba albamu yote jukwaani huko Brooklyn, akiwa na Ezrin, Steve Hunter na kwaya ya vijana, maonyesho ambayo Julian Schnabel aliyatengenezea filamu. Kwa Mzee, mtu anayeirudia kazi iliyotukanwa miaka 33 baadaye, nyimbo zote na kwa mpangilio ule ule, alikuwa anajua alichokifanya.

Kwa anayefikiria kuinunua, nashauri atafute nakala yenye kijitabu, au walau asome maneno ya nyimbo kabla ya kuweka sindano. Nimejaribu kuisikiliza kwenye simu nikiwa ndani ya matatu na haikufaa, kwa kuwa sehemu za kimya ni nyingi na zinamezwa na honi. Asiipige vipande vipande, na asianze nayo kama hajawahi kumsikia Lou Reed. Mtu aliyepitia kipigo nyumbani anaweza kuiacha bila kukosa kitu, na hapo sina ubishi na dada yetu. Kati ya nyota tano ninaipa nne. Ile ya tano ningeitoa kama upande wa kwanza ungekuwa na wimbo mmoja tu wenye ukimya wa The Bed.

Mwezi uliopita dada mwanasheria aliiomba santuri aende nayo kwake, bila kueleza sababu. Aliirudisha Jumapili, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya karatasi mpya ya ndani aliyoinunua mwenyewe. Upande wa pili aliusikiliza wote, mara mbili, na bado haupendi.