Panadol ya kawaida na Panadol Extra: kilichomo ndani ya kidonge
Ukizigeuza pakiti hizi mbili juu ya kaunta ya duka la dawa, utaona kwamba kiambato tendaji kikuu ni kile kile na kwa kiasi kile kile: parasetamoli, miligramu 500 kwa kila kidonge. Extra imeongezewa miligramu 65 za kafeini, ambayo huipa parasetamoli nguvu zaidi, hasa kichwa kinapouma, lakini pia huweza kumnyima usingizi anayeimeza usiku (na chai ya rangi aliyokunywa jioni nayo huhesabika).

Viambato visivyo tendaji, kama vile wanga, havitulizi maumivu katika pakiti yoyote; kazi yake ni kushikanisha unga na kukisaidia kidonge kivunjike tumboni, na mwenye mzio ndiye hasa anayepaswa kuvichunguza.

Kosa la hatari ni kumeza vidonge viwili vya kila aina kwa kudhani kuwa ni dawa tofauti, ilhali mtu amejipa gramu 2 za parasetamoli kwa mkupuo mmoja, nusu ya kikomo cha mtu mzima cha gramu 4 kwa saa 24. Kwa homa ya usiku, ningechagua ya kawaida.