Kuchora vyumba vya nyumbani: penseli, mkaa, bolpeni na rangi za maji (uzoefu wangu)

Nachora vitu vya ndani ya nyumba: kochi, sinki lenye vyombo, mlango ulioachwa nusu wazi, viti vilivyosukumwa ovyo baada ya watu kuinuka. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni penseli gani nzuri, na jibu langu huwa haliwaridhishi watu: inategemea mwanga. Kochi la kijivu saa sita mchana na kochi hilohilo usiku chini ya balbu moja ni michoro miwili tofauti, na kila mmoja una zana yake. Kwa hiyo sitatoa nyota tano kwa chochote. Nitasema nini kinanifaa saa ngapi, na nini nimekiweka kabatini.

Penseli kwanza, maana kila nyumba inayo. Kiini chake ni grafiti iliyochanganywa na udongo na kuchomwa, mbinu ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ya mwaka 1795. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, ndizo zenye herufi H. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, ndizo B. Wauzaji hupenda kukuuzia boksi la penseli kumi na mbili. Huzihitaji. HB ya kupimia na kupanga mistari, 2B ya kazi nyingi, 6B ya vivuli, basi. Tena 2B ya kampuni moja si lazima ilingane na 2B ya nyingine, kwa hiyo ukiipata inayokukubali, shikamana nayo.

Kwa mwanga wa mchana unaoingia taratibu dirishani, penseli haina mpinzani. Unapata muda wa kupima, na chumba kinahitaji kupimwa kuliko watu wanavyodhani. Tafuta kwanza usawa wa jicho lako: mistari ya sakafu, meza na kabati iliyo chini ya usawa huo hupanda kadiri inavyokwenda mbali, na ya dari hushuka. Ukisimama katikati ya kazi, chumba kizima kimebadilika, kwa hiyo kaa ulipokaa. Mdomo wa kikombe kilicho sawasawa na macho ni mstari mnyoofu. Kile kilicho chini zaidi mezani mdomo wake hufunguka ukawa duara lililobanwa, na kadiri kinavyoshuka ndivyo duara linavyojaa. Mambo haya nilikuwa nayasoma tu. Niliyaelewa nilipopanga vikombe kwenye rafu tatu, kimoja juu ya kingine, na kuvichora vyote kwa kikao kimoja.

Penseli inanishinda kwenye giza. Chukua ile kona chini ya meza, mahali miguu ya viti inapopotea. Ukipaka 6B na kurudia na kurudia, inafika mahali weusi hauongezeki tena, unaanza kung'aa. Mchoro ukiuangalia chini ya taa, mahali palipotakiwa kuwa na giza kuliko pote ndipo panapometameta. Haifutiki kwa ujanja, hiyo ndiyo tabia ya grafiti.

Hapo ndipo mkaa unapochukua nafasi. Upo wa aina mbili: vijiti vya miti myepesi vilivyochomwa bila hewa, ambavyo hufutika kwa kupitisha kitambaa tu, na mkaa wa kusagwa na kugandishwa, mweusi mno na mgumu kuuondoa. Kwa chumba cha usiku mimi hufanya kinyume cha penseli. Napaka karatasi nzima kwa kijiti, nasugua kwa kitambaa mpaka iwe kijivu kimoja, kisha natoa mwanga kwa raba laini ile ya kufinyangwa: mduara wa taa, ukingo wa meza, mgongo wa kiti, mpini wa jagi. Mwisho naweka weusi wa ule mkaa wa kugandishwa sehemu mbili tatu tu. Chumba kinatokea chenyewe. Sijapata zana nyingine inayofanya hivyo kwa haraka hiyo.

Gharama yake ni uchafu. Vumbi linaingia kwenye kucha, kwenye foronya, kwenye swichi ya taa. Usilipulize kwa mdomo, maana utalivuta mwenyewe. Inamisha karatasi uigonge kwa nyuma. Na usianze na penseli laini ukitegemea kumalizia na mkaa juu yake, kwa sababu grafiti inateleza na mkaa haushiki vizuri. Kama una mtoto anayetambaa au kochi jeupe, chorea mkaa mahali pengine, au achana nao. Sisemi kwa utani.

Bolpeni ya kawaida, ile ya kuandikia, ndiyo nimeitumia zaidi kuliko zote, na hakuna duka la vifaa vya sanaa litakalokushauri uinunue. Uzuri wake ni kwamba inasikia mkono. Ukiigusisha kidogo inatoa mstari wa kijivu kama wa penseli, ukikandamiza inakuwa nyeusi. Inafaa kwa yale mambo ya dakika chache, maji yakiwa jikoni yanasubiri kuchemka. Ubaya wake ni vitone vya wino vinavyojikusanya nchani na kuangukia pale usipotaka. Weka kipande cha karatasi pembeni ufute ncha mara kwa mara. Pia wino wa bolpeni nyingi hupauka ukikaa juani, hivyo mchoro wa kutundika ukutani usiufanyie kazi nayo.

Kalamu za wino zenye ncha nyembamba, zile zinazoandikwa 0.1, 0.3, 0.5, zinapendwa sana, na mimi nina kinyongo nazo kidogo. Mstari wake una unene uleule mwanzo mpaka mwisho. Soketi iliyo ukutani kule mwisho inajitokeza mbele sawa na kikombe kilicho chini ya pua yako, na chumba kinakosa kina. Tiba ni kuchora vya mbali kwa 0.1 na vya karibu kwa 0.5. Nyingi zina wino usioyeyuka kwa maji ukishakauka, kwa hiyo zinakwenda vizuri na rangi. Karatasi yenye mikwaruzo huzila ncha upesi.

Sasa rangi za maji. Swali gumu ndani ya nyumba ni hili: ukuta mweupe una rangi gani? Kaa jioni, dirisha bado lina mwanga wa nje na taa imeshawashwa. Weka kikombe cheupe katikati. Kivuli kinachotupwa na taa kinaelekea buluu, kwa sababu kinachokijaza ni mwanga wa dirishani. Kile kinachotupwa na dirisha kinaelekea njano au chungwa, kwa sababu kinaangazwa na balbu. Vivuli viwili vya kikombe kimoja, rangi mbili. Penseli haikuambii hilo hata kidogo. Ila una muda mfupi kabla nje hakujaingia giza, na karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba au karibu na hapo. Ya gramu 80, ile ya kuchapia, inajikunja na kufanya mabwawa. Penseli za rangi zinazoyeyuka kwa maji nilizijaribu kwa matumaini makubwa. Zinafaa kwa vitu vidogo, lakini ukuta mzima unaishia na michirizi.

Kitu ambacho ningemshauri anayeanza anunue kabla ya boksi lolote ni karatasi ya kijivu au ya kahawia na penseli moja nyeupe. Ukuta tayari umechorwa: ndiyo hiyo karatasi. Unaongeza giza kwa penseli nyeusi na mwanga kwa nyeupe, na katikati unaacha. Anayedhani nyumba yake haina cha kuchora aangalie kazi za Mdenishi Vilhelm Hammershøi. Kati ya 1898 na 1909 aliishi kwenye nyumba moja ya Strandgade 30, Copenhagen, akaichora tena na tena: milango, kuta tupu, mwanga wa dirisha sakafuni, karibu vyote kwa kijivu.

Tableti ninayo. Usiku skrini inatoa mwanga wake yenyewe, jicho linadanganyika, na asubuhi mchoro unaonekana una giza kupita kiasi.

Kuhusu kutunza: michoro ya mkaa ipulizie dawa ya kuigandisha, dirisha likiwa wazi au ukiwa nje, tabaka jepesi mara mbili badala ya moja zito. Kisha weka karatasi laini kati ya mchoro na mchoro, na usizisuguanishe unapozipanga.