Uzoefu wangu na rekodi za zamani za fainali za DCI: santuri, kanda za VHS na DVD

Anayetaka kusikia vikosi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani jinsi vilivyokuwa miaka ya 1970 na 1980 ana njia tatu: santuri, kanda za VHS, na DVD zilizotolewa baadaye. Ninazo zote tatu. Kwa sauti, chukua santuri. Kwa gwaride, chukua picha iliyopigwa kutoka juu ya jukwaa. Na chochote utakachonunua, usikisafishe kupita kiasi. Wengi wanaosema rekodi hizi ni mbovu wamesikiliza nakala zilizosuguliwa na kompyuta mpaka ngoma zenyewe zikapotea.

Kwa asiyeifahamu fani: Drum Corps International, au DCI, ilifanya fainali yake ya kwanza Agosti 1972 mjini Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wakatwaa ubingwa. Zama hizo walikuwa vijana wasiozidi miaka 21, na kwa miaka mingi kikosi hakikuruhusiwa kuzidi watu 128. Zilikuwa shaba (yaani tarumbeta na jamaa zake), ngoma na wacheza bendera tu, hakuna klarineti wala saksafoni. Anayejua habari za beni za pwani yetu, Marini dhidi ya Arinoti, hatashangaa kwamba wazee wa mchezo huu bado wanabishania alama za miaka 40 iliyopita.

Nianze na santuri, kwa sababu ndizo bora na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Onyesho moja la zama hizo lilichukua kama dakika 11 hadi 13, kwa hiyo upande mmoja wa santuri hujaa kwa maonyesho mawili. Hapo ndipo shida ilipo. Sindano ikiwa ukingoni mwa santuri ya mizunguko 33⅓, mfereji hupita chini yake kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde. Ikifika karibu na lebo ni kama sentimita 21 tu. Mawimbi yaleyale hubanwa kwenye nafasi isiyofika hata nusu. Na kikosi hupiga kwa nguvu zaidi wapi? Mwishoni mwa onyesho. Kwa hiyo kilele cha onyesho la pili huangukia mahali pabaya kuliko pote, na sindano ya ncha ya duara hukigeuza kuwa mkwaruzo. Dawa si kichujio cha kompyuta. Ni sindano ya ncha ya duaradufu au nyembamba zaidi, iliyopangwa sawasawa kwa karatasi ya vipimo, kwa uzito aliotaja mtengenezaji, mara nyingi kati ya gramu 1.5 na 2. Uzito mdogo mno ni hatari kuliko mkubwa kidogo, maana sindano hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutumie sauti ya dakika mbili za mwisho za kila upande, si za mwanzo. Mwanzo wa upande husikika vizuri hata kwenye santuri iliyokwisha.

Kuosha: maji yaliyotoneshwa (yale ya kuongezea betri ya gari, na usome chupa vizuri, usije ukachukua ya asidi), alkoholi ya isopropili isiyozidi robo ya mchanganyiko, na tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Pitisha brashi laini kufuata mfereji, suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu, kisha simamisha ikauke yenyewe. Lebo isilowe. Maji ya bomba huacha chumvi, na chumvi hiyo husikika.

Sasa kuingiza kwenye kompyuta, mahali ambapo nakala nyingi huuawa. Rekodi kwa biti 24, kHz 96, na kilele kisizidi −6 dB. Usiwashe kitufe chochote cha kusawazisha sauti, maana nusu ya utamu wa fani hii ni tofauti kati ya mnong'ono wa baritoni (shaba za sauti ya kati) na ukuta wa shaba unaofuata. Usiwashe pia kifaa kinachoondoa mikwaruzo chenyewe. Programu hizo hutafuta mshtuko mfupi na mkali, na pigo la sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) linalogonga ngozi na ukingo kwa pamoja ni mshtuko mfupi na mkali. Shaba ikipigwa kwa nguvu nayo ina mawimbi yenye ncha kali, programu huzidhani uchafu na kuzikata. Matokeo yake ni sneya zinazosikika kana kwamba zimefunikwa shuka, na tarumbeta zenye mafua. Mkwaruzo ulio mkubwa kweli utafute kwa macho, ukuze picha ya wimbi, uurekebishe peke yake. Iliyobaki iache.

Kuhusu mvumo wa chinichini, watu huchukua sekunde chache za kabla ya onyesho kama mfano wa "kelele" na kuiambia programu iondoe kila kinachofanana nazo. Lakini sekunde zile zina uwanja mzima ndani yake: watu wakikohoa, upepo, mwangwi wa zege. Ukiuondoa uwanja, kila noti ndefu itaacha nyuma mlio wa majimaji. Nikipunguza hupunguza dB 3, na mara nyingi sipunguzi kabisa. Makelele ya watazamaji yanayofunika mwisho wa wimbo nayo si kasoro. Sikiliza 27th Lancers wa 1980, waliomaliza wa pili, kisha uniambie kama ungetaka jukwaa linyamaze.

Kuna mambo mengine msikilizaji mpya huyadhani ubovu wa rekodi kumbe ndivyo vyombo vilivyokuwa. Tarumbeta zote zilikuwa za G. Za mwanzo zilikuwa na pistoni moja iliyolala na rota moja, kwa hiyo baadhi ya noti hazikuwepo kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja pistoni mbili, mwaka 1990 tatu, na kuanzia 2000 vikosi vikaruhusiwa kutumia shaba za ufunguo wowote. Sauti ya G ni kali, ina makali ya kukata, na haikai katika tuni kwa urahisi. Sneya za zamani nazo zilikuwa na ngozi za plastiki zisizokazwa sana, kwa hiyo mlio wake ni mnene na wa chini. Ule mlio mkavu wa sasa ulikuja na ngozi za Kevlar mwishoni mwa miaka ya 1980. Timpani (ngoma kubwa za umbo la sufuria) zilibebwa tumboni huku mtu akitembea, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliporuhusiwa kuwekwa chini mbele ya uwanja. Vipaza sauti havikuruhusiwa kabla ya 2004. Kwa hiyo usipandishe besi kwa vitufe ili kuifanya santuri ya 1976 ifanane na onyesho la leo.

Kasi ya mzunguko lazima ihakikishwe, hasa ukiwa na nakala ya kaseti iliyorekodiwa kutoka santuri. Usiipime kwa tarumbeta. Shaba hupanda takriban senti 3 kwa kila nyuzi 1 ya joto (senti 100 ni nusu toni), na fainali zilichezwa usiku wa Agosti, joto likishuka kutoka kikosi cha kwanza hadi cha mwisho. Pima kwa kengele za chuma au zailofoni pale zinaposikika wazi, kwani hizo hazisogei sana. Njia nyingine ni kuangalia picha ya masafa: mstari mwembamba kwenye 60 Hz ni umeme wa Marekani ulioingia kwenye rekodi yenyewe, na ukiukuta kwenye 58 ujue nakala inakwenda polepole. Ukiuona kwenye 50 Hz ni umeme wako wa nyumbani, kafunge vizuri waya wa ardhi wa mashine ya santuri.

Kanda za VHS sizipendekezi, ila kwa mtu anayetaka onyesho ambalo halipatikani kwingine. Zimerekodiwa kwa NTSC, mfumo wa video wa Marekani, wakati deki na televisheni za zamani za Afrika Mashariki ni za mfumo wa PAL. Bila deki ya mifumo mingi utapata picha nyeusi na nyeupe inayopanda bila kusimama. Muulize muuzaji kama kanda ni ya kiwandani au ni nakala, na kama ilirekodiwa kwa mwendo wa SP (wa kawaida) au EP (wa polepole). Nakala ya EP haifai hata kwa bure. Kagua ukungu kupitia dirisha la kanda: unga mweupe kwenye kingo za utepe. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa huota haraka. Kanda yenye ukungu isiingie kwenye deki, maana itachafua kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kitaambukiza kila kanda inayofuata.

Halafu kuna suala la kamera. Matangazo ya PBS, televisheni ya umma ya Marekani, yalipenda nyuso: jasho la mpiga kontra (shaba kubwa ya besi), kidole cha mcheza bendera. Hayo ni mazuri kwa dakika moja. Kwa Garfield Cadets wa 1983 mjini Miami ni hasara tupu. Gwaride la mwaka ule, kazi ya George Zingali, liliachana na umbo la pande mbili zinazolingana, na maumbo yake yanayopinda na kuyeyuka hayaonekani kamwe kutoka usawa wa macho. Ukipata toleo la kamera moja iliyosimama juu, hilo ndilo la kununua hata kama rangi zimefifia.

DVD ni njia ya kati na ndiyo ningempa mtu anayeanza. Sauti ni safi, picha imetulia, ingawa zina mambo mawili ya kujua. La kwanza, diski za Marekani kwa kawaida ni za eneo (region) la 1 na mashine zetu ni za eneo la 5. Kiendesha diski cha kompyuta hukubali kubadilishwa eneo mara 5 tu kisha hujifunga, kwa hiyo usibadilishebadilishe. Tumia programu ya VLC, ambayo mara nyingi husoma bila kubadilisha chochote. Ukihamishia kwenye faili, chagua fremu 59.94 kwa sekunde, si 29.97. Picha ya NTSC ina nusu-fremu mbili kwa kila fremu, na programu ikitupa moja, bunduki za mbao zinazorushwa juu zikizunguka hugeuka ukungu tu.

La pili ni muziki uliokatwa. Haki ya kuuza wimbo kwa sauti peke yake na haki ya kuuweka juu ya picha ni leseni mbili tofauti, na mwenye wimbo anaweza kutoa moja akakataa nyingine. Ndiyo maana sehemu iliyo kamili kwenye santuri huweza kukosekana au kunyamazishwa kwenye video. Kabla ya kununua diski, tafuta orodha ya nyimbo za onyesho na uilinganishe na urefu wa sehemu hiyo. Onyesho la dakika 12 likiwa na dakika 9, umeshajua.

Kuhusu miaka ya kuanzia, kumbuka kwamba hadi msimu wa 1983 majaji walihesabu makosa na kukata alama 0.1 kwa kila kosa, hivyo vikosi vingi vilicheza kwa tahadhari. Blue Devils wa 1976, ubingwa wao wa kwanza, ni jazi iliyonyooka kama uzi. Santa Clara Vanguard wa 1989 ndio onyesho ninalompa mtu asiyejua chochote. Madison Scouts wa 1988, kwa santuri nzuri na majirani wavumilivu. Chukua pia 1993 yote kutoka Jackson, Mississippi: Cadets of Bergen County alama 97.4, Star of Indiana 97.3, na onyesho la Star la muziki wa watunzi Barber na Bartók ambalo liliwagawa mashabiki vibaya. Ukilisikiliza leo utaona limekwenda mbele kuliko mengi yaliyofuata. Mimi ningewapa Star. Anayependa tofauti ndogo zaidi aende 2008, Phantom Regiment 98.125 dhidi ya Blue Devils 98.100, ila huko tayari kuna vipaza sauti na ladha ni nyingine.

Ukiagiza santuri kutoka Marekani, mwambie muuzaji atoe santuri ndani ya jaketi (kasha lake la nje), aiweke nyuma yake ikiwa kwenye mfuko wake wa ndani, vyote kati ya makadi mawili magumu. Ikibaki ndani, kila pigo la njiani huisukuma na kupasua mshono wa jaketi. Ikifika, isimamishe wima mbali na ukuta wa nje, na ibadilishie mfuko wa karatasi kwa wa plastiki laini kabla hujaipiga hata mara moja.