Kruzi ya Karibiani na mamangu, watoto na samaki wa leso: uzoefu wangu

Tangu nirudi kutoka hiyo kruzi, safari ya meli ya kitalii, kila mtu yuwaniuliza, ilikuwaje, ni pesa ngapi, inafaa ama ni maringo tu ya watu wa Marekani, bas wacha niandike mara moja nimalize. Kama wataka kuviona visiwa vya Karibiani na kuvipiga picha kisawasawa, meli si njia yake. Lakini kama wataka kukaa na watu wako mahali pamoja, wazee kwa watoto, hakuna anayepika, hakuna anayeosha vyombo, hakuna anayesema nina mkutano, na wewe una kamera mkononi uwapige picha mpaka ushibe, hapo ndo pesa yako yarudi.

Mpango ulikuwa wa kakangu anayeishi Marekani, alitaka mamangu awaone wajukuu wote pamoja kabla magoti hayajamkataza kabisa. Yeye alilipa vyumba, sisi tukajilipia viza na ndege, Mombasa mpaka Nairobi, Nairobi mpaka New York ile ya moja kwa moja iliyoanza 2018, kisha Florida, meli tukaipandia Port Everglades pale Fort Lauderdale. Njia ni ile wanayoiita Karibiani ya mashariki: San Juan kule Puerto Rico, kisha visiwa vya St. Thomas na St. Maarten. Kampuni siitaji jina, nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia na sitaki maneno na mtu.

Viza nayo ndo mlango wenyewe. Mkiomba pale ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, hakikisheni ni ya kuingia zaidi ya mara moja, manake San Juan na St. Thomas ni maeneo ya Marekani lakini St. Maarten siyo, kwa hiyo meli ikirudi Florida unaingia upya kama mgeni, na kama viza yako ilikuwa ya kuingia mara moja tu, hapo ni kilio. Beba pia kile kijitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, visiwa vingi vinakiuliza ukitoka nchi kama yetu. Adapta za plagi za Kimarekani beba, lakini zile ekstensheni zenye kuzuia umeme ukiruka wacha nyumbani, watu wa meli wakiiona kwenye skana wanaichukua mpaka siku ya kushuka kwa sababu ya hofu ya moto, nimeona watu wakigombana kwa hilo pale mlangoni.

Sasa samaki. Kwenye hizi meli kuna mchezo wa abiria kufichiana vitu, ulianza 2018 na vile vibata vya plastiki vya kuchezea bafuni, mtu anaficha bata mwenye kikaratasi shingoni, atakayempata amchukue ama amfiche tena kwengine. Wifi yangu alitutumia ujumbe mapema ati tununue bata. Binti yangu mkubwa akasema bata wa plastiki tuwatoe Mombasa tuwapeleke Marekani, si ndo walikotoka? Mamangu naye ana lile fuko la leso, yaani kanga, zilizochakaa, zile ambazo hazivaliki tena na kuzitupa hataki, kila moja anajua aliipewa na nani na kwa harusi gani. Akalimwaga lote kitandani, tukaanza kukata samaki. Kila samaki ni wa kiganja cha mtoto, vipande viwili vinashonwa kwa mkono, tumbo linajazwa mabaki ya leso hiyohiyo, jicho ni kifungo cha shati. Sufi, ile ya mti ya kujazia mito ya kulalia, niliikataa, vitu vya mimea ukifika forodha ya Marekani lazima uvitaje na mimi sikutaka kuanza kueleza mambo ya mto. Mamangu alikuwa mkali wallahi, mkia ukienda upande anafumua mbele yako bila kukutazama. Kikaratasi tukaandika kwa Kiswahili na Kiingereza, wifi akaongeza Kihispania: nimetoka Mombasa, ukinipata nichukue ama unifiche tena.

Kuna adabu zake. Huwezi kuficha madukani, wala bufee karibu na chakula, wala kwenye bwawa, wala kwenye reli za nje ambapo upepo ukija samaki anaenda baharini akawa takataka. Tulificha juu ya fremu za picha karibu na lifti, kwenye rafu ya vitabu, nyuma ya vyungu vya maua, kwenye ngazi za kushukia ukumbi wa michezo. Na watoto hawaondoki! Wanajibanza nyuma ya nguzo kungoja. Mzee mmoja mwenye fimbo alimwona samaki wa leso nyekundu pale liftini, akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akasoma kikaratasi, akatazama kushoto kulia kama mwizi wa kuku, akamtia mfukoni. Mwanangu wa mwisho kajifunika mdomo kwa mikono yote miwili asicheke. Hiyo ndo picha yangu bora ya safari yote na hakuna bahari ndani yake, ni mtoto na nguzo na zulia baya la rangi ya zambarau. Kesho yake usiku tukamwona yule mzee chakulani, samaki kabanwa na pini kwenye mfuko wa koti. Na yule kijana wa Indonesia aliyekuwa akitusafishia chumba, ambaye kila jioni hukunja taulo akatengeneza mnyama, siku aliyopata samaki wetu kwenye ukumbi wa nje tulirudi tukakuta tembo wa taulo kitandani, samaki kashikwa na mkonga. Mamangu akakataa tembo asikunjuliwe, ikabidi tuombe taulo nyingine.

Kwa wenye kamera, machache. Kebini ina AC kali, ukitoka nayo kwenye roshani lenzi inaota ukungu palepale na ukiipangusa ndo waiharibu, itie ndani ya mkoba wake, uweke nje unywe chai mpaka ipate joto la huko, kisha utoe. Usiku usijisumbue na picha za nyota za kuacha kamera wazi muda mrefu, meli inatikisika na inakwenda, nyota zote zatoka michirizi. Filta ya polaraiza ndo chombo cha kule, inakata mng'aro wa maji unaona rangi mpaka chini. Ukitaka kupiga bandari ikikaribia nenda omoni, mbele ya meli, mapema, ukitaka machweo kaa tezini, ule mkia wa povu nyuma ya meli jua likizama juu yake ni raha. Droni wacha, kampuni nyingi hazikubali uirushe melini.

San Juan ndo iliyonikamata. Ile ngome ya El Morro, Waspanishi walianza kuijenga 1539, zaidi ya miaka 50 kabla ya Wareno kuanza Fort Jesus hapa kwetu 1593, na ukiingia unahisi ni ndugu, kuta nene zinazotazama mlango wa bandari, mizinga, vile vibanda vya mlinzi pembeni. Tofauti ni kuwa ya kwao ina uwanja mkubwa wa nyasi mbele, na huko familia zinakuja kurusha tiara. Wanangu wakaacha historia yote wakakimbilia tiara. Nikakaa kwenye nyasi na lenzi ndefu, na hapo nikapata mamangu akishikilia uzi wa tiara ya mtoto wa watu asiyemjua, buibui lapepea, amecheka mpaka macho yamefunga. Kiingilio kilikuwa dola 10 kwa mtu mzima, watoto bure. Samaki hapo walibaki mkobani, ngome iko chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani na kuacha vitu ndani yake hairuhusiwi, hata kiwe kizuri vipi. Tulificha wawili tu mjini, mmoja kwenye benchi katika zile barabara za mawe ya buluu.

Lakini muda! Wanakutangazia kutwa nzima kisiwani, toa foleni ya kushuka, toa foleni ya teksi, toa ile nusu saa ya kurudi kabla ya mlango kufungwa, na saa ya meli huenda si saa ya kisiwani, unabaki na nini? Mwanga mzuri wa picha ni alfajiri na magharibi, na nyakati zote mbili mara nyingi uko melini. Ndo nasema kisiwa utakipiga jua la utosi tu, bapa, kama kadi ya posta.

St. Thomas watu wanaendesha kushoto kama sisi, ingawa ni Marekani tangu walipoinunua kwa Wadenmaki 1917. Ukishuka pale bandarini Charlotte Amalie madereva wanakuita kila mmoja na bei yake, na mimi niliyezaliwa Mombasa nikiwaona wazungu wakishushwa Kilindini na kugombaniwa hivyohivyo, nikajikuta leo mimi ndo mgeni wa kugombaniwa, nikaona haya nikashindwa hata kupatana bei, mamangu ndo aliyepatana. Watoto walipanda zile Ngazi 99 wakihesabu kwa sauti, wakafika 103, na ni kweli ziko 103.

Magens Bay, pwani ya hapohapo St. Thomas, mamangu alikaa kwa maji akatazama muda mrefu kisha akamuuliza dereva, hapa maji yapwa saa ngapi? Dereva hakuelewa swali. Bahari yao haipwi bwana, tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita, wakati hapa Nyali bamvua ikipwa unatembea mpaka karibu na mwamba. Mamangu alisikitika kikweli, akasema bas hawa hawapati kwenda kuokota kitu. Na kuokota kwenyewe msijaribu, makombe na matumbawe yakikutwa kwenye mzigo wako yaweza kukuletea kesi.

St. Maarten tulienda Maho, pwani iliyo kando ya uwanja wa ndege, kuona ndege zikipita juu ya vichwa, ziko chini kweli, lakini kuna watu wanashika uzio wa uwanja wakati ndege yataka kuruka, upepo wa injini unawarusha, na mwanamke mmoja alikufa hapo 2017. Sisi tulikaa mbali, mchanga ukaingia kwenye lenzi vilevile.

Chakula na ibada, manake ndo swali la kwanza la watu wa kwetu. Omba halali mapema wakati wa kubuku, usingoje ufike. Wetu walijitahidi lakini sikuona cheti, tukala samaki na upande wa vyakula vya Kihindi vya mboga, na hatukulala njaa. Biriani yao mamangu aliiita wali wa manjano, tuiache hapo. Kibla, hapa kwetu ni kaskazini moja kwa moja, kule ni mashariki ikipinda kaskazini, na meli nayo inageuka, kwa hiyo kila sala ni hesabu mpya. Televisheni ya chumbani ilikuwa na chaneli ya ramani inayoonyesha meli inaelekea wapi, mamangu akaiacha wazi kutwa kucha, ikawa ndo dira yake, ole wako uguse rimoti.

Nilipokasirika ni pesa za juu. Tipu inakatwa kila siku kwa kila kichwa, mpaka watoto, kampuni nyingi kubwa za Marekani ni kama dola 16 mpaka 20, zidisha kwa familia uone. Intaneti ghali na ya kobe, tulinunua ya simu moja tukapokezana. Na wapiga picha wa meli! Wako kila pembe, wakikuvizia na pazia la machweo ya kuchora, flashi inawatoa watu weusi kama waliopakwa unga, na picha moja ni dola 20 na kitu. Niliwakataza wote nyumbani, nikasema mimi niko na kamera, hakuna mtu kununua.

Usiku wa mwisho bili ilipoletwa mlangoni kakangu akaona mstari wa picha, akanitazama, nikaapa si mimi. Kumbe mamangu alitoroka usiku ule wa kuvaa nguo rasmi, akaenda peke yake na buibui lake jipya, akakaa kwenye kile kiti chao cha dhahabu ya uongo, akachukua saizi kubwa zaidi na fremu yake. Nikamwonyesha ile ya tiara, nikamwambia mama lakini tazama hii ilivyo nzuri. Akasema zako wanipiga nikicheka meno nje, hii nimekaa kama mtu. Iko ukumbini kwake sasa, juu ya televisheni, na mimi sina la kusema, pesa ni za kakangu.