We Are Not Ourselves: kitabu kinene, kimenikumbusha ami yangu

Nimekimaliza jana karibu na adhana ya alfajiri hiki kitabu cha Matthew Thomas, kurasa zaidi ya 600, na sijalala tena.

Kilitoka 2014, ni hadithi ya familia ya Wamarekani wenye asili ya Ireland huko Queens, New York. Eileen ni nesi, amekulia kwa mama mlevi, na hamu yake yote ni nyumba kubwa kwenye mtaa wa wenye nazo. Mumewe Ed ni mwalimu wa chuo, tena mwanasayansi wa mambo ya ubongo, na ni huo huo ubongo unaokuja kumgeuka, manake anashikwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akiwa na miaka 50 na kitu, ile inayoanza mapema kabla mtu hajafika 65.

Uzuri wake ni kwamba mwandishi hana haraka. Kurasa kibao unaona tu bwana amekuwa mkali, amejilaza kwenye kochi na hedifoni masikioni anasikiza rekodi zake, kuhama hataki, usiku anahangaika na maksi za wanafunzi hazijumlishiki. Mkewe anaona ni ukaidi, na wewe unaesoma unaona hivo hivo, ukija kushtuka ushamchukia mgonjwa.

Hapo nilikiweka chini nikalia. Ami yangu alianza vivi hivi. Alikua karani wa hesabu, hajafika 60, kalamu mbili mfukoni kila siku, akaanza kugombana na wenye maduka pale Majengo juu ya chenji. Tukasema kiburi, wengine wakasema karogwa, akasomewa, akapewa kombe anywe. Siku moja mkewe anamimina chai, mara anasikia kitu kinagonga ndani ya chupa. Funguo za nyumba. Alizitia ami mwenyewe asubuhi. Mwaka mzima tulikua tumemnunia mtu ambae hana kosa lolote.

Kasoro iko, pale katikati habari za kutafuta nyumba Bronxville, huo mtaa wa wenye nazo, zimevutwa mno, mie ningepunguza kurasa 50 hivi. Na kijana wao Connell alinikera sana, babake anazidiwa yeye yuko mbali, halafu nikakumbuka simu za mke wa ami nilizokua naziacha zinalia.

Kiingereza chake si kigumu. Jina limetoka kwenye tamthilia ya King Lear ya Shakespeare, na ukifika mwisho utajua kwanini kalichagua hilo. Kama nyumbani muna mgonjwa wa hivi, kisome mchana na mtu yuko karibu.

Changu nampelekea mke wa ami Jumapili, nshamkunjia ukurasa pale kwenye maksi, hata akisoma hapo tu yatosha.