Kusafisha mawe ya makaburi: blichi au maji na brashi?

Jamani kwenye makaburi madogo ya jamii hili swali halikosekani siku ya usafi, mmoja kaja na ndoo ya maji mwingine kaja na dumu la blichi, na wote nia yao ni njema kabisa.

Blichi ina uharaka wake, unamwaga, baada ya muda mfupi ule ukijani umetoka, jiwe linang'aa. Shida inakuja baadaye, maana jiwe lina vitundu vidogo vidogo, ile dawa inazama ndani inaacha chumvi, chumvi ikikauka inaganda kuwa chembe, na hizo chembe zikikua zinabandua uso wa jiwe kidogo kidogo, maandishi nayo ndo yanaondoka hivyo. Asidi ndo usiguse kabisa, marumaru inayeyuka kwa asidi.

Maji na brashi laini (ya nailoni, sio ya waya!) ni kazi, mkono unauma, na madoa mengine hayatoki. Lowanisha jiwe kwanza, sugua kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi, suuza sana. Jiwe linalotikisika au kumenyeka liache kama lilivyo.

Mi nipo upande wa maji bila kusita. Mtu anakuja kusoma jina la mama yake, hajaja kuangalia weupe wa jiwe, na jina likishafutika nani atalirudisha? Hata mkifanya makaburi mawili kwa siku, inatosha.