Prodigy P3 kwenye Hilux: kontrola nzuri, ufungaji ndio unaoiangusha

Ukivuta trela ya kambi kutoka Karatu kurudi Arusha, mteremko wa kushukia Mto wa Mbu ndio unaokuambia kama breki zako ni za kweli. Trela ya tani moja na nusu isiyojizuia yenyewe inaisukuma Hilux kwenye kila kona, na breki za mbele zinaanza kunuka kabla hujafika chini. Tekonsha Prodigy P3 ni kontrola ya breki za trela, kifaa kidogo kinachokaa chini ya dashibodi na kupeleka umeme kwenye breki za trela kulingana na jinsi gari linavyopunguza mwendo. Ukikanyaga kidogo, trela inashika kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu, inashika kwa nguvu. Kama kifaa, tunakisifu bila kusita. Malalamiko karibu yote tunayoyasikia gereji chanzo chake ni nyaya na soketi.

Kabla ya kutoa hela, ingia chini ya trela. Ukiona nyaya mbili zinaingia nyuma ya kila dramu, hizo ni breki za umeme: ndani kuna sumaku ambayo ikipata moto, yaani umeme, inang'ang'ania uso wa dramu na kuvuta mkono unaotanua viatu vya breki. Ukiona kebo ya chuma au fito inayotoka kwenye shingo ya trela, hizo ni breki za msukumo, zinazoshika zenyewe trela inapoisukuma gari, kama zilivyo trela nyingi za Afrika Kusini, na kontrola yoyote utakayonunua itakaa bure.

Jambo la pili ni volti. P3 ni ya volti 12 tu. Hilux, Ranger na Navara hazina shida, lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24. Kuona betri mbili chini ya boneti hakutoshi, kwa sababu zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi bado ni 12. Pima kwa multimita (kipima umeme) pale nyaya za gari zinapochukulia moto. Gari la volti 24 litafutie REDARC Tow-Pro Elite ya Australia, inayopokea 12 na 24. Hiyo hata kwa nafasi ina nafuu, maana kwenye dashibodi inaonekana kirungu chake tu, boksi linafichwa nyuma.

P3 ina nyaya nne. Mweusi unakwenda kwenye chanya ya betri kupitia breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea 20 kwa trela yenye breki hadi nne, au ampea 30 kwa breki sita hadi nane. Breka ikae karibu na betri. Mweupe uende hasi ya betri moja kwa moja. Kuna mafundi wanaoufunga kwenye skrubu yoyote ya bodi chini ya usukani, na hapo ndipo breki zinapoanza kushika leo na kukataa kesho. Mwekundu unaungwa kwenye swichi ya taa za breki, juu ya pedeli, upande usio na moto mpaka pedeli ikanyagwe. Usikisie kwa rangi, kwa kuwa gari lenye kruzi kontroli lina nyaya zaidi kwenye swichi hiyo. Weka multimita: pedeli ikiwa juu isome sifuri, ikikanyagwa isome 12. Ukiuunga upande wenye moto wa kudumu, kontrola itaamini umekanyaga breki safari nzima, na dramu za trela zinaweza kuchemka bila wewe kujua.

Waya wa bluu ndio unaobeba kazi yote hadi nyuma, na ndio unaobaniwa hela. Kila sumaku ya dramu ya inchi 10 au 12 inakula takribani ampea 3, kwa hiyo trela ya ekseli mbili inataka ampea 12. Toka dashibodi mpaka soketi ya nyuma ni kama mita 6. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa urefu huo unapoteza karibu volti 0.8, na hapo hujahesabu ethi, yaani waya hasi wa kurudi. Wa milimita mraba 6 unapoteza 0.2 hivi. Sisi tunasema 6 kwa bluu na kwa ethi ya soketi, na usiende chini ya 4. Pitisha nyaya kwenye raba ya ukuta wa injini, zivishe bomba la plastiki, zifuate chasi mbali na ekzosi. Viungo vichomelewe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Tepu peke yake haimalizi msimu mmoja wa vumbi la Ngorongoro.

Sasa soketi. Ile ya duara ya vipini 7 iliyozoeleka haina kipini cha breki za umeme. Kipini namba 2 kimepangiwa waya wa bluu, lakini ni wa taa ya ukungu! Fundi anaona bluu kwa bluu, anaunga, anaondoka. Ukikanyaga breki, umeme unaishia kwenye taa. Tumia soketi bapa ya vipini 7 ya mpangilio wa Australia, ambayo kipini namba 5 ni cha breki, ukibadilisha na plagi ya trela pia. Kama hutaki kugusa soketi ya taa, funga plagi ya pili ya vipini viwili vinene kwa breki pekee.

Kontrola yenyewe ielekee mbele sawasawa na gari, isikae upande, na ishikwe na kitu kigumu. Kihisi chake kinasoma jinsi gari linavyopunguza mwendo. Ukiifunga kwenye plastiki inayotetemeka, kwenye makorongo madogo ya barabara ya vumbi itapeleka umeme ovyo. Kwenye Hilux ya usukani wa kulia tafuta mahali ambapo goti halitaigonga.

Kuiseti hakuchukui muda. Breki za trela zikishapata joto, nenda kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu iliyonyooka, sukuma mkono wa kontrola peke yake, ongeza nguvu mpaka tairi za trela zikaribie kuburuza, kisha rudisha kidogo. Ukiingia changarawe, punguza tena. Kuna pia ngazi B1 hadi B3 zinazoongeza nguvu ya mwanzo. Trela nyepesi kuliko gari haizihitaji. Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki ya gari: sukuma mkono ule wa kontrola taratibu na trela itanyooka.

Tunachokipenda zaidi ni skrini. Inaonyesha volti ya betri, volti ya taa za breki na ampea zinazokwenda kwenye trela. Ukiwa na breki nne na ukaona ampea 9 badala ya 12, sumaku moja imekufa au waya wake umekatika, na umejua bila kufungua tairi hata moja. Tusichokipenda ni kwamba nyaya zenye plagi tayari zimetengenezwa kwa magari ya Marekani kama Tundra. Kwa Hilux ya hapa utakata na kuunga mwenyewe.

Breki mpya za trela zikazwe upya baada ya kilomita 320 za kwanza, kisha kila kilomita 4,800 hivi. Na ukitaka kujaribu swichi ya dharura, ile inayovutwa trela ikichomoka, chomoa plagi kwenye gari kwanza. Moto wa betri ya trela ukirudi kwa waya wa bluu unaweza kuunguza kontrola.